Mfarishi wa watu wawili ndani ya gari la mita saba

Swali: Mimi na mume wangu tumestaafu, nyumba tumeiuza, na sasa makazi yetu ni gari-nyumba la mita 7. Nimeshona mifarishi ya viraka miaka mingi na sitaki kuacha. Shida ni kwamba meza yangu ya kushonea sasa ndiyo meza ya chakula, sakafu ya kutandazia kazi sina, na vitambaa vimejaa chini ya kitanda hadi mzee ananiambia nichague kati yavyo na baiskeli yake. Je, bado naweza kushona mfarishi wa kitanda cha watu wawili, au nibaki na foronya tu? Na cherehani yangu kubwa, niiuze?

Jibu: Dada yangu, foronya ziweke kando kwanza. Mfarishi wa watu wawili unashoneka vizuri ndani ya gari la ukubwa huo, ila utaratibu wa kazi lazima ubadilike. Nyumbani tumezoea kuunganisha uso mzima wa viraka, kuutandaza sakafuni juu ya pamba ya kati na bitana, kupiga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda), kisha kuusukuma mzigo wote chini ya mguu wa cherehani. Njia hiyo inataka sakafu, na sakafu umeiuza pamoja na nyumba. Huku barabarani, kila unachokishika kinatakiwa kisizidi ukubwa wa meza, tangu kipande cha kwanza mpaka karibu na mshono wa mwisho. Sharti ni hilo moja.

Njia inayolitimiza ni kumaliza mraba mmoja mmoja: uso, pamba na bitana vyote vidariziwe pamoja, yaani vishonwe kwa mishono inayopita tabaka zote tatu, vikiwa bado vidogo, ndipo miraba iunganishwe. Chukua miraba ambayo ikishaunganishwa itaonekana sentimita 30. Mitano kwa sita, yaani miraba 30, inatosha mfarishi wa mtu mmoja. Saba kwa minane, yaani 56, ni wa watu wawili. Kata pamba na bitana zizidi uso kwa sentimita 2 au 3 kila upande, kwa sababu kudarizi hukivuta kitambaa na kukipunguza. Ukimaliza kudarizi ndipo unapunguza kingo zote kwa rula hadi sentimita 31.2 kwa 31.2. Ile 1.2 ni ya mishono, milimita 6 kila upande. Usipunguze kwa kukadiria kwa macho. Miraba 56 yenye tofauti ya milimita mbili mbili haitakutana kwenye pembe, na hakuna pasi itakayoiokoa.

Kuunganisha kunataka kanda mbili kwa kila mshono. Wa mbele ukate upana wa sentimita 2.8. Wa nyuma ukate 4.6, ukunje katikati kwa urefu ubaki 2.3. Weka ukanda wa mbele kwenye uso wa mraba na ule uliokunjwa kwenye bitana yake, kingo mbichi zote zilingane, upite mara moja kwa mshono wa milimita 6. Kisha shona ukingo wa pili wa ukanda wa mbele kwenye uso wa mraba unaofuata. Pamba za miraba miwili zitakaribiana chini ya ukanda bila kupandana. Geuza kazi, laza ule ukanda uliokunjwa juu ya mwanya, ufunike mshono, na umalizie kwa mkono kwa sindano ya kujificha. Ukipenda kumalizia kwa cherehani unaweza, ila mshono utaonekana mbele, na binafsi naona unachafua kazi nzuri.

Kumbuka kila ukanda unaongeza sentimita 1.6 zinazoonekana, kwa hiyo ule mfarishi wa mitano kwa sita utatoka kama sentimita 156 kwa 188, si 150 kwa 180. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kununua kitambaa cha ukingo.

Unganisha kwanza kwa mistari. Mstari wa miraba minane una urefu wa mita mbili na nusu, lakini upana wake ni ule ule wa sentimita 30, kwa hiyo unajikunja vizuri na kukaa juu ya kiti. Mistari ikishakamilika, iunganishe iwe nusu mbili za mfarishi, na mwisho nusu kwa nusu. Mshono huo mmoja wa mwisho, pamoja na ukingo wa kuzunguka, ndio utakaokutaka ubebe uzito wote mbele ya cherehani. Siku hiyo mwombe mzee aende akatembee na hiyo baiskeli. Rundika kazi kwenye kiti cha pembeni na nyuma ya meza ili isining'inie, kwa maana kazi inayoning'inia huvuta kitambaa na kupinda sindano, na mshono ukiwa wa kuyumba unadhani kosa ni la cherehani.

Nakubali kwamba si kila mchoro unaokubali njia hii. Kama unapenda maua makubwa yanayotambaa toka kona moja ya mfarishi hadi nyingine, au mistari ya kudarizi isiyokatika, kanda zitakukata njiani kila sentimita 30. Kwa kazi kama hizo una mlango mwingine: shona uso peke yake garini, kisha mpe mtu mwenye mashine kubwa ya fremu, ile ambayo mfarishi hutandazwa kwenye fremu, akudarizie. Uso peke yake unakunjika kuwa mdogo na hauna shida. Ubaya wake ni kwamba watu hao huwa na foleni, na wewe huna mahali pamoja pa kungojea. Muulize mapema atamaliza lini, na kama anaweza kuutuma kwa posta utakakokuwa.

Na ukitaka kutandaza mwenyewe kazi nzima mara moja moja, tumia meza za nje kwenye kambi, au ukumbi ukiruhusiwa. Kuna pia njia ya mbao mbili, ambayo watu wa nafasi ndogo wanaipenda kwa haki: zungusha uso kwenye ubao mmoja mrefu na bitana kwenye mwingine, laza pamba katikati, kisha fungua kidogo kidogo huku ukipiga bandi sehemu iliyo mezani. Bandi za mkono ziachane kama upana wa kiganja. Gundi ya kupuliza ni ya haraka, lakini ndani ya gari-nyumba siitaki kabisa. Gesi inayoisukuma inawaka moto, na wewe una jiko la gesi, pengine na friji ya gesi yenye kimoto kinachowaka muda wote. Pulizia nje, upepo ukiwa mtulivu, na kopo lisibaki garini juani. Makopo hayo huandikwa yasipitishe joto la nyuzi 50, na gari lililofungwa kwenye jua kali, hasa karibu na kioo cha mbele, linaweza kufika huko.

Sasa umeme. Hukuuliza, lakini ndio utakaokukwamisha kuliko nafasi. Wengi huogopa kwamba cherehani itamaliza betri, kumbe cherehani si mlaji. Ya nyumbani ya kawaida hutumia kati ya wati 50 na 100, na hata hizo ni pale mguu unapokuwa kwenye kanyagio. Mlaji ni pasi. Pasi ya wati 1,200 kwenye mfumo wa volti 12 inavuta amperi 100, na zaidi ya hapo ukihesabu kinachopotea ndani ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Robo saa ya pasi hiyo ikiwa inachemka ni saa-wati 300. Cherehani ya wati 80 ungeikanyaga bila kupumzika zaidi ya saa tatu na nusu ndipo ifike hapo. Betri ya asidi ya amperi-saa 100 ina kama saa-wati 1,200 kwa jina tu, maana ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Ya lithiamu inavumilia kutumiwa sehemu kubwa zaidi, lakini hata hiyo pasi itaila haraka.

Kwa hiyo zitenganishe siku za pasi na siku za cherehani. Mkiwa kambini kwenye umeme wa kuchomeka, piga pasi kila kitu: vitambaa vipya, vipande vilivyokatwa, mishono ya wiki nzima. Uliza kwanza wanakupa amperi ngapi. Amperi 6 kwa volti 230 ni wati 1,380, yaani pasi peke yake, na mtu akiwasha birika swichi inaruka. Mkiwa porini, ambako umeme ni wa sola tu, shona kwa cherehani au kwa mkono na mishono uibane bila pasi: kwa ukucha, kwa kibao chembamba cha mbao, au kwa kigurudumu cha mbao cha kusukumia mshono. Kitambaa cha pamba hutii kikibanwa kwa nguvu. Kwa miraba ya vipande vinyoofu hutaona tofauti kubwa. Kwa pembetatu nyingi zilizokatwa mshazari utaiona, hivyo hizo ziwekee siku ya umeme. Kuna pia vipasi vidogo vya kazi za mikono vya wati chini ya 100. Vinachelewa, lakini inveta ndogo inavibeba.

Utasikia ushauri wa pasi ya mkaa. Nje chini ya mti, sawa. Ndani ya gari, hapana, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na gari-nyumba ni chumba kidogo mno kuchezea jambo hilo.

Kama cherehani yako ni ya kompyuta, inveta iwe ile inayotoa wimbi safi la umeme. Zile za rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi ambalo injini ya zamani inaweza kulivumilia kwa manung'uniko, lakini bodi ya umeme inaweza kuharibika. Na mkivuka kutoka nchi za volti 230 kwenda za volti 120 au kinyume chake, soma kibati kilicho nyuma ya mashine kabla ya kuchomeka.

Hapo tunafika kwenye swali lako la kuuza. Ukishona kwa miraba huhitaji tena mkono mrefu wa cherehani, kwa sababu mraba wa sentimita 30 unazunguka hata kwenye mashine ndogo. Kama hiyo kubwa yako ina uzito wa kilo 12 au 15 na kila mara unaitoa kabatini kwa maumivu ya mgongo, iuze bila majonzi. Unachohitaji ni mshono mnyoofu ulio sawa, mguu wa kulisha kitambaa cha juu sambamba na cha chini, na mwili wa chuma usiotetemeka. Ndiyo maana washonaji wa safarini bado wanaitafuta Singer 221, iliyotoka mwaka 1933: ina uzito wa kilo 5 hivi na inashona mbele na nyuma kwa mstari mnyoofu tu. Cherehani ya mkono ya zamani nayo ni rafiki mzuri, haijui betri wala kambi, ingawa ni chuma kizito na mkono wako mmoja utakuwa kazini muda wote, ukibakiwa na mmoja wa kuongoza kitambaa. Ningekushauri uijaribu kwanza ya mtu kabla ya kuinunua.

Meza za magari haya mara nyingi husimama kwa mguu mmoja, na cherehani ikikimbia, meza nzima inacheza. Iweke mashine juu ya mguu, si pembeni, na chini yake tandika mpira laini. Kukata usikate hapo. Kata kwenye kaunta ya jikoni, ambayo ni ndefu zaidi kwenda juu na haichezi. Mkeka wa kukatia wa sentimita 45 kwa 60 unatosha, na ukisafiri ulaze chini ya godoro. Ukiuegemeza mahali penye jua utapinda, na haunyooki tena sawasawa. Gari nalo lisawazishwe kabla hujaanza kazi. Wanaume husawazisha kwa ajili ya friji, lakini bobini inayobingirika hadi mlangoni ni sababu nzuri vilevile.

Kupanga rangi ni jambo linalowashinda wengi kwa kukosa ukuta. Nunua kipande cha flaneli, kile kitambaa cha pamba chenye manyoya mafupi, kiwe na mita mbili hivi, ukining'inize kwa vibanio mbele ya kabati au nje ubavuni mwa gari siku isiyo na upepo. Vipande vya pamba vinakishika vyenyewe bila pini. Panga, simama mbali, piga picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Papo hapo utaona ni wapi rangi nzito zimerundikana. Bandika namba kwenye kila mraba kabla ya kuikunja flaneli pamoja na vipande vyake. Fanya haya mchana. Taa za njano za ndani ya gari hudanganya sana kwenye buluu na kijani.

Vitambaa sasa. Kitambaa cha pamba cha viraka kina kama gramu 150 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita moja ya jora la upana wa sentimita 110 ina gramu 165, na mita sita zinafika kilo. Mfarishi wa mtu mmoja uliokamilika huwa wa kilo moja na nusu hadi mbili. Ukijua hivyo, hutaangalia tena masanduku kwa ukubwa, utayaangalia kwa mizani. Kila gari-nyumba lina uzito wa juu linaloruhusiwa kubeba, umeandikwa kwenye hati zake, na mengi ya Ulaya yamefungwa kwenye kilo 3,500 kwa sababu ya leseni. Ukitoa maji, gesi, watu na chakula, nafasi inayobaki ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lipelekeni kwenye mizani ya magari likiwa limejaa kama mnavyosafiri. Huenda mkakuta baiskeli na vitambaa vyote vinaingia, au mkakuta havipaswi kuingia vyote viwili, na angalau itakuwa namba iliyoamua.

Mimi ningeacha kabisa desturi ya kuweka akiba ya vitambaa. Weka kazi mbili za cherehani na moja ya mkono, kila moja kwenye mfuko wake ikiwa na uzi wake, mchoro na vipande. Bitana inunue mwisho, mraba wa mwisho wa uso ukiwa umeshakatwa, maana bitana na pamba ndizo zinazokula nafasi. Ukishona mraba mmoja mmoja, bitana si lazima iwe moja, na hapo ndipo mabaki yako ya miaka yote yatakapopata kazi. Pamba ya kati ikiwa ya jora, ikate mara moja iwe miraba na uirundike. Huchukua nafasi ndogo kuliko jora lililozungushwa. Pamba halisi hurudi kidogo ikifuliwa, kama asilimia 3 hadi 5, nayo ile ya poliesta hairudi ila inavimba na kujaa kabatini. Kwenye pakiti husemwa mistari ya kudarizi isiachane zaidi ya umbali fulani, na umbali huo uuheshimu, la sivyo baada ya kufua mara chache pamba itahamia pembeni.

Unyevu unahitaji jicho. Usiku watu wawili wakilala ndani, mvuke wa pumzi na wa kupika hugeuka maji kwenye kuta baridi za nje, na kabati lililopakana na ukuta huo ndilo linaloota koga. Vitambaa vikae upande wa ndani, kwenye mifuko ya nguo inayopumua badala ya plastiki iliyofungwa kabisa, na vipunge hewa mchana. Jua nalo linapausha. Rundo lililoachwa dirishani mwezi mmoja litakuwa na mstari wa rangi tofauti kwenye mkunjo. Nyekundu na nili zifue peke yake kabla ya kukata, kwa sababu ukija kufua mfarishi kwenye mashine ya kambi huna uhuru wa kuchagua joto la maji kila mara.

Gari likitembea, cherehani iwe chini kabisa, imefungwa kwa mkanda, sindano na mguu vimeshushwa juu ya kipande cha kitambaa. Kilo 5 zilizoachwa juu ya kaunta zitaruka mbele siku ya breki kali. Kisu cha gurudumu kifungwe, na mkifika sehemu pitisha sumaku sakafuni, kwani pini hutafuta nyayo za asiyeshona. Kila baada ya barabara mbovu kaza skrubu ya sindano na ya bamba la chini. Mtikisiko huzilegeza taratibu.

Kuhusu kushona ukiwa kiti cha abiria, najua wengi hufanya. Mbele yako huenda pana mto wa hewa unaofumuka kwa nguvu kubwa, kwa hiyo mkasi na sindano ndefu sivipendi mkononi mwa mtu wakati huo. Nafasi hiyo itumie kukunja karatasi za pembesita au kupanga vipande kwa rangi, kama kichwa hakikuzunguki. Sindano ingojee mkishaegesha. Pembesita ndiyo kazi yangu ya mkono kwa watu wa barabarani: karatasi ndogo, kitambaa kinachokunjwa juu yake na kushikizwa kwa bandi, kisha pande kuunganishwa kwa mishono midogo ya kuzungushia. Haitaki pasi, meza wala umeme, kopo moja la biskuti linabeba kazi ya miezi, na ukiivaa subana kidoleni unaweza kushona huku mnazungumza. Uso wake ukikamilika hauna mistari minyoofu ya kuukata iwe miraba, hivyo huo ndio wa kumpelekea mwenye mashine ya fremu, au wa kungojea siku mtakayopata ukumbi.